Jinsi ya kupima mizunguko ya miezi ya Mshtarii ukiwa juu ya paa

Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha nne mwezi wa Callisto unachukua muda gani kuizunguka Mshtarii, atakujibu siku 16.69 kabla hujamaliza swali. Muulize namba hiyo ilipatikanaje, ataanza kutazama dari. Mimi nafundisha fizikia Tanga, na kwa ajili ya macho hayo ya darini, kila msimu Mshtarii (Jupita ya vitabu vya shule) inapoanza kuonekana mapema usiku tunahamia juu ya paa. Hapa naeleza tunavyofanya, ili na wewe ufanye kwako bila kutusubiri.

Nianze na lile ambalo wengi hawalitegemei. Huhitaji kifaa cha ajabu wala jicho la tai. Muda wa mzunguko unapatikana kwa kutazama mizunguko mingi, mradi usipoteze hesabu. Mtu mwenye darubini ya kawaida aliyehesabu mizunguko kumi anampita mwenye darubini ya bei mbaya aliyetazama mmoja.

Vifaa

Tafuta darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10×50. Kumi ni ukuzaji, hamsini ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ile ya 7×50 wanayotumia mabaharia nayo itakuonyesha miezi ya nje, ila Io, aliye karibu kabisa na sayari, atamezwa na mwanga wa Mshtarii mara nyingi. Darubini ya nyota ndogo, hata ya milimita 60, ni bora zaidi.

Darubini lazima itulie. Mkono hautoshi, hata uwe wa fundi saa. Stendi ya kamera ni nzuri. Ukikosa, weka mfuko wa mchanga juu ya ukuta wa paa na uilaze darubini humo. Ongeza karatasi za grafu, penseli, saa ya simu, na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu. Tochi nyeupe itakuua macho, na utahitaji kama robo saa ndipo yarudi.

Usisubiri Mshtarii ifike utosini. Kwetu huku karibu na ikweta hupanda juu sana, na stendi ya kamera haikuundwa kutazama juu wima. Utaishia kuumwa shingo. Itazame ikiwa nusu ya njia ya kupanda au ya kushuka.

Kuchora

Kwenye darubini utaona kidoa kikubwa cheupe, na pembeni yake nukta mbili, tatu au nne zilizojipanga karibu katika mstari mmoja. Hizo ndizo alizoziona Galileo Galilei akiwa Padua usiku wa tarehe 7 Januari 1610. Usiku huo aliona tatu tu. Ya nne ilimjia tarehe 13. Kazi aliyoifanya baadaye ndiyo hii unayotaka kuifanya wewe: alichora usiku baada ya usiku, na kufikia mwaka 1612 alikuwa amechapisha muda wa mzunguko wa yote minne.

Chora duara dogo katikati ya karatasi, kisha weka kila nukta mahali pake. Kama darubini yako inaonyesha Mshtarii kuwa na upana unaopimika, tumia upana huo kama kipimo: "nukta hii iko mbali na sayari kwa upana wa Mshtarii mara tano." Kwa darubini ya macho mawili kisia tu, na ukisie kwa mtindo uleule kila siku. Kupata muda wa mzunguko hakudai umbali sahihi, kunadai uthabiti.

Sasa, upande. Hapa ndipo michoro ya wengi huharibika, kwa sababu mstari wa miezi hugeuka kadiri usiku unavyokwenda. Kwetu Mshtarii ikichomoza, mstari huo husimama karibu wima, na ncha ya juu ndiyo magharibi. Ikielekea kuzama husimama tena, lakini sasa magharibi iko chini. Ukiandika "kushoto" na "kulia" utachanganyikiwa kabla ya wiki kwisha. Andika "mash" na "magh" kwenye kila mchoro. Kama huna hakika, elekeza darubini kwenye sayari, iache bila kuigusa, na utazame sayari inatorokea upande gani wa duara la darubini. Huko ndiko magharibi, kwa darubini ya aina yoyote, hata ile inayopindua picha. Kwenye 10×50 sayari huchukua kama dakika 13 kutoka katikati hadi ukingoni, lakini dakika mbili zinatosha kuuona mwelekeo.

Mzee wa nyumba ya pili kila akituona juu na darubini huniuliza, "Mwalimu, mwezi umeandama?" Namjibu, "Shikamoo mzee wangu, leo imeandama minne."

Saa na tarehe

Hili dogo lina madhara makubwa. Sisi tukisema "saa nane usiku wa tarehe 12" kila mtu anaelewa lake. Mmoja anafikiria usiku wa kuamkia tarehe 12, mwingine wa kuamkia 13. Kwenye mazungumzo hakuna shida, lakini kwenye daftari la mizunguko kuna siku nzima hapo inayoelea. Kwa hiyo juu ya paa tunatumia saa za mtindo wa 24, tarehe ikibadilika saa sita kamili usiku, na tunazigeuza kuwa desimali papo hapo. Saa 2:30 usiku ni 20:30, yaani 20.5, gawa kwa 24 upate 0.854. Ikiwa ni tarehe 12, andika 12.854. Ukitazama tena saa 8:00 usiku uleule, tarehe ni 13 na saa ni 2, kwa hiyo 13.083. Toa: 0.229 ya siku, saa tano na nusu. Kutoka hapo hesabu zote ni kutoa na kugawanya tu.

Callisto kwanza

Anza na Callisto kwa sababu hana haraka. Kati ya wale wanne ndiye hafifu zaidi, na ndiye anayefika mbali zaidi. Akiwa mwisho wa njia yake yuko umbali wa upana wa Mshtarii mara 13 hivi, na sayari ikiwa karibu nasi hiyo ni kama theluthi ya upana wa Mwezi mpevu. Ganymede ndiye mwangavu kuliko wote. Ukiwatambua hao wawili, waliobaki utawajua kwa kuwatoa.

Njia ya kila mwezi ni duara, ila sisi tunalitazama kwa ubavu. Fikiria ngamia wa kinu cha ufuta, wale waliokuwa wakizunguka Lamu na Unguja, halafu umtazame kupitia mlango ukiwa usawa wake. Katikati ya mlango anapita upesi, na akifika pembeni anaonekana kama amesimama, kumbe anageuka. Callisto ni vivyo hivyo. Akiwa kwenye ncha ya mashariki atakaa pale siku mbili tatu na hutaweza kusema ni saa ngapi hasa alifika mwisho. Kwa hiyo usipime ncha. Pima kuvuka katikati, pale anapokwenda mbio.

Chukulia leo saa 20:30 yuko mashariki ya sayari kwa upana tatu, na kesho saa ileile yuko magharibi kwa upana mbili. Jumla amekwenda tano kwa siku moja, na kati yake tatu zilikuwa za kufikia sayari. Basi alivuka baada ya tatu ya tano ya siku, yaani 0.6, au saa 14 na dakika 24 tangu mchoro wa kwanza. Alivuka mchana, Jua likiwa juu, na wewe umemkamata hata hivyo.

Kumbuka anavuka mara mbili kila mzunguko: kutoka mashariki kwenda magharibi akipita mbele ya sayari, na kurudi mashariki akipita nyuma yake. Linganisha mivuko ya upande mmoja tu. Mivuko miwili inayofuatana ya upande huo itakupa kitu karibu na siku 16 na robo tatu.

Sasa usisimame hapo. Tuseme kila mvuko wako una kosa la saa mbili hivi. Ukipima mzunguko mmoja, kosa hilo lote linaangukia mzunguko huo. Ukipima mvuko wa kwanza, ukaenda zako, ukarudi kupima mvuko wa baada ya mizunguko sita, siku kama 100 baadaye, kosa lilelile linagawanywa kwa sita. Hukuhitaji kutazama kila siku katikati hapo. Mvua ikinyesha wiki nzima hakuna kilichoharibika. Unachohitaji ni hakika kwamba ni sita. Siku 100 gawa kwa tano ni 20, gawa kwa saba ni 14.3, na vipimo vyako vya mwanzo vinakataa vyote viwili. Kipimo kibovu cha kwanza ndicho mlinzi wa hesabu ya kipimo kizuri cha mwisho.

Io, mjanja wa kundi

Io ana mtego wake. Mzunguko wake ni siku 1.77. Mtu anayepanda paani mara moja kwa usiku, saa ileile, akachora kwa uaminifu wiki mbili, anaweza kuchora wimbi safi kabisa la siku 2.3, likapita kwenye kila nukta yake, na likawa si la kweli. Kwa saa 24 Io anakwenda zaidi ya nusu ya duara (0.565), na jicho linaloona picha moja kwa siku haliwezi kutofautisha hilo na kurudi nyuma kwa 0.435. Dawa ni kutazama mara mbili usiku mmoja, tuseme saa mbili na saa tano. Kwa saa tatu hizo, akiwa karibu na sayari, anasogea zaidi ya upana mzima wa Mshtarii, na mwelekeo wake haufichiki tena. Simu zenye programu ya anga kama Stellarium zitakuonyesha yuko wapi, lakini ifungue baada ya kuchora. Ukiifungua kabla, utachora simu.

Wenye darubini ya nyota wana njia tamu zaidi, nayo ni kivuli. Mshtarii hutupa kivuli nyuma yake, na Io huingia humo kila mzunguko. Katika miezi ya kalenda kabla sayari haijawa mkabala wa Jua (yaani kabla haijafikia kuchomoza Jua linapozama), kivuli kinaangukia upande wa magharibi, kwa hiyo utamwona Io yuko peke yake angani, hajagusa sayari, akaanza kufifia, na ndani ya dakika tatu na nusu hivi hayupo. Baada ya mkabala mambo yanageuka: anachomoza upande wa mashariki, mahali palipokuwa patupu. Hiyo unaipima kwa dakika, si kwa saa.

Na kuna urahisi mmoja. Mizunguko minne ya Io, kutoka kivuli hadi kivuli, ni siku 7, saa 1 na dakika 54. Ukimkamata Jumamosi saa 1:30 usiku, Jumamosi inayofuata mngoje saa 3:24, na ile ya tatu saa 5:18. Mikusanyiko yetu ya Jumamosi ilianzia hapo.

Vipimo vya kivuli vifanye karibu na siku za mkabala, kwa sababu wakati mwingine wa mwaka Dunia inaikimbia Mshtarii au kuifuata, na nuru inapata safari ndefu au fupi zaidi. Kila mzunguko wa Io unaweza kuonekana kuchelewa au kuwahi hadi sekunde 15, nazo hujilimbikiza. Ole Rømer, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Paris, alitumia ulimbikizo huo kutangaza kwamba Io wa Novemba 1676 angechelewa dakika 10, na kwamba sababu ni nuru kuwa na mwendo wenye kikomo. Kwa saa za enzi hizo! Kila nikilifikiria hilo naona aibu kulalamikia mawingu ya Tanga.

Ukishapata siku, uzipeleke wapi

Wengi huishia kulinganisha namba zao na kitabu (Io 1.77, Europa 3.55, Ganymede 7.15, Callisto 16.69), wakafurahi na kushuka. Ngoja kidogo. Tazama kwanza zile tatu za mwanzo: kila moja ni karibu mara mbili ya iliyotangulia. Si bahati, miezi hiyo mitatu inavutana na kushikana hatua.

Kisha chukua umbali wa kila mmoja kwa upana wa Mshtarii: Io 2.95, Europa 4.69, Ganymede 7.49, Callisto 13.17. Zidisha umbali kwa wenyewe mara tatu, gawa kwa siku zilizozidishwa kwa zenyewe mara mbili. Io anatoa 8.2. Callisto anatoa 8.2. Wale wawili wa kati nao 8.2. Hiyo ndiyo kanuni ambayo Johannes Kepler aliipata kwa sayari mwaka 1618 na kuichapisha mwaka uliofuata, nawe umeikuta kwa miezi.

Halafu pima uzito wa sayari. Io yuko kilomita 421,800 kutoka Mshtarii, na Mwezi wetu uko kilomita 384,400 kutoka kwetu. Umbali unakaribiana, lakini Mwezi wetu unachukua siku 27.32, Io 1.77. Gawa umbali kwa umbali, 1.097, izidishe kwa yenyewe mara tatu: 1.32. Gawa siku kwa siku, 15.44, izidishe kwa yenyewe mara mbili: 238. Zidisha hizo mbili na utapata karibu 315. Mshtarii ina uzito wa Dunia 315. Vitabu vinasema 318. Hapo ndipo wanafunzi wangu huwa wanakaa kimya, kisha mmoja anaomba kikokotoo arudie mwenyewe.

Sayari na asteroidi

Kwa sayari zenyewe subira inabadilika. Mshtarii huwa mkabala wa Jua, ikichomoza Jua linapozama, kila baada ya siku 399 hivi; ilikuwa hivyo tarehe 7 Desemba 2024 na 10 Januari 2026. Zidisha 399 kwa 365.25, gawa kwa tofauti yake, 33.75. Jibu ni siku 4,318, au miaka 11.82. Kweli yenyewe ni 11.86. Ukiweka 398.9 badala ya 399, jibu linaruka siku 12 nzima, basi hapa pia kusanya mikabala mingi. Mirihi ni mkaidi zaidi: kati ya mkabala wa Januari 2025 na ule wa Februari 2027 kuna siku 764, zinazotoa mzunguko wa siku 700 badala ya 687. Njia yake imevutika kidogo, basi mwendo wake si sawa kila mahali. Wastani wa mikabala mingi, siku 780, unakurudisha kwenye 687. Februari 2027 Mshtarii nayo itakuwa mkabala, kaskazi ikiwa bado inavuma na anga safi, kwa hiyo anza daftari lako kabla ya hapo.

Mzunguko wa asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua kama sayari, hutaupima kwa macho. Giuseppe Piazzi aliiona Ceres kutoka Palermo tarehe 1 Januari 1801, akaifuata wiki chache, akaugua, na ikapotelea upande wa Jua. Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, ndiye aliyekokotoa njia yake kutoka vipimo hivyo vichache, na mwisho wa mwaka huohuo ikapatikana tena. Wewe ukishapewa umbali, kazi ni ya dakika moja. Umbali wa Dunia na Jua uhesabu kuwa 1. Ceres iko 2.77: izidishe kwa yenyewe mara tatu, 21.25, tafuta kipeuo cha pili, miaka 4.6. Vesta, ambayo 10×50 inaiona, iko 2.36, na jibu ni miaka 3.6. Jaribu sasa 2.5. Utapata miaka 3.95, theluthi kamili ya mzunguko wa Mshtarii, na ukitafuta asteroidi kwenye umbali huo utakuta pengo. Mshtarii imezisukuma zikatoka.

Kuna moja itakayobadilisha mzunguko wake tukiwa tunatazama. Apophis, jiwe la mita mia tatu na kitu, sasa ina umbali wa 0.922, kwa hiyo huzunguka Jua kwa siku 323. Itaipita Dunia kwa kilomita kama 32,000 juu ya ardhi, na sehemu za Afrika, Ulaya na Asia ya magharibi zitaweza kuiona kwa macho matupu. Uvutano wetu utaipeleka kwenye umbali wa karibu 1.1, piga hesabu, ni siku 421 hivi. Itakuwa karibu kabisa nasi saa 6:46 usiku wa kuamkia Jumamosi, 14 Aprili 2029, ambayo kwenye daftari letu ni 14.032. Ni katikati ya masika, kwa hiyo mwenye ndugu bara kavu aanze kuomba nafasi ya kulala mapema.